Alama ya Njano

"Mchagua jembe si mkulima." Wasemao hivyo
hawajalala kwenye matope ya Marijampolė,
Novemba, theluji inayeyukia shingoni,
chini ya Pasati isiyo na pua.

Ramunė amebeba soketi za pembe sita tu;
za kumi na mbili hutafuna kichwa cha bolti.
Amebeba bomba la kurefushia mkono wa spana.
Nyundo ameiacha getini kwa Kęstas, makusudi:
hasira ikishika nyundo haina macho.

Alteneta inashikiliwa na bolti moja, ya chini.
Mafuta. Anangoja. Mafuta tena.
Kumi na tatu inacheza, kumi na mbili haiingii.
Anapangusa kutu kwa kidole gumba
na kuukuta mstari wa rangi ya njano,
mwembamba kama ukucha.

Baba. Alikuwa akikaza, anatia alama,
na alikaza kana kwamba
hakuna atakayekuja kufungua.

Anarudi getini, anaomba nyundo yake.
Kęstas hacheki.

Kumi na mbili anaigonga taratibu mpaka ikae,
anavisha bomba, anaegemea kwa uzito wote.
"Mzee, legeza basi."

Robo mzunguko.