Kabati la Juu ya Mlango

Baba anashika ngazi, mimi napanda.
Magoti yake hayaiwezi tena ngazi ya mbao,
ila mdomo bado unafika darini:
"Hicho acha. Hicho kina kazi."

Gdynia, Novemba, ghorofa ya nne.
Mvua inapapasa kioo kama mtu aliyesahau miwani.
Na kabati hili, juu ya mlango wa bafu,
lenye kina cha mkono mmoja na giza la miaka thelathini,
halijawahi kufunguliwa bila kumwangushia mtu kitu.

Nateremsha:
vifuniko kumi na saba visivyo na chupa,
chupa tisa zisizo na vifuniko
(nimejaribu; vimekataana kama mashemeji),
kijitabu cha maelekezo ya mashine ya kufulia
iliyokufa nikiwa darasa la pili,
mfuko wenye mifuko yenye mifuko,
nyaya zilizofungana ndoa, hazitaki kusikia talaka,
skii moja.

"Na ya pili?"
"Itarudi," asema Baba.

Uyoga wa siki, wa mwaka usiojulikana.
"Akiba haiozi, Jagoda."
Namshushia chupa, namnusisha.
Ananyamaza.
"Basi, hiyo moja."

Sakafuni nimepanga mafungu matatu:
cha kubaki, cha kugawa, cha kutupa.
Kila nikigeuza mgongo fungu la tatu linapungua
na la kwanza linanenepa.
Haba na haba hujaza kibaba,
haba na haba, Baba hujaza kabati.

Mama hakuwa hivi.
Mama alikuwa karani wa ghala bandarini,
mali bila daftari ilimkosesha usingizi.
Alimwomba mwaka hadi mwaka: Ziemek, toa hata kimoja.
Kisha akaacha kuomba.
Tukadhani amechoka.

Nyuma kabisa, ukutani, vidole vyangu vinagusa bati.
Kopo dogo. Ndani, ufunguo mmoja
na mwandiko wake ulionyooka kama rula:
*Chini, namba 22.*

"Stoo yetu ni kumi na nne," asema Baba,
na kweli, kumi na nne tunaijua,
haifunguki, baiskeli zimeegemea mlango kwa ndani.
Tunashuka. Anahesabu vipandio kwa sauti.
Hewa ya chini inanuka viazi na makaa ya zamani.

Ufunguo unazunguka bila ubishi.

Chumba si kipana kuliko kitanda.
Rafu tatu. Kila kitu na karatasi yake:
*Mishumaa, umeme ukikatika.*
*Mapambo ya Krismasi, yasiyovunjika.*
*Viatu vya Jagoda, atakapofikia 38.*
(Nilipita 38 Mama akiwa hai. Hakusema.)
Na pembeni, imesimama kama askari wa zamu, skii.
*Nyingine iko juu. Amekataa kuitoa.*

"Alisema anakuja kulisha paka," asema Baba.
"Miaka yote hiyo. Paka gani, nami sikuuliza."

Rafu ya katikati ni tupu.
Tupu kabisa, vumbi limelala juu yake
sawasawa, kama shuka lililotandikwa na mtu mwenye subira.
Karatasi imebanduka kona moja:
*ZIEMEK.*

Anaisoma. Anaibonyeza kona ile kwa kidole gumba,
inashika, inabanduka, anaibonyeza tena.
Halafu anatoka, hasemi anakwenda wapi.
Nasikia magoti yake yakipanda,
ghorofa ya kwanza, kituo, ya pili, kituo kirefu.

Nafuta vumbi kwa kofi la mkono wangu.
Nusu tu. Nusu nyingine naiacha.

Anarudi amekumbatia beseni.
Vifuniko, vyote kumi na saba.
Anavipanga vikubwa nyuma, vidogo mbele,
anarudi hatua moja, anakitengeneza kimoja.

"Una kalamu?"
Ninayo.
"Andika," asema, na anasafisha koo
kama mtu anayetia sahihi mkataba:
"*Vifuniko. Vinangoja chupa.*"