Aina ya Pili, Labda

Saa nane na robo usiku, nyuzi tisa chini ya sifuri,
Ermete Frigo amepanda juu ya kuba na ufagio wa jikoni.
Anaifagia theluji iliyogandia mlango wa paa
kama mtu anayefagia kizingiti cha kwake,
huku akiilaani kwa lahaja ya milima hii ya Asiago
ambayo binti zake hawaijui tena.

Mimi niko chini na hita moja, soksi jozi mbili,
na nukta.

Nukta imetoka Tottori, Japani,
kwa mfamasia Yonemura, ambaye akishafunga duka
hulinganisha picha za leo na za mwaka jana.
Kaiona ukingoni mwa galaksi aliyoizoea kama kaunta yake:
juzi haipo, jana ipo.
Kazi yake imekoma hapo. Yangu ni kuuliza:
wewe u nani?

Maana ziko zinazofanana kwa mbali na hazina undugu.
Kuna kibeti aliyemnyonya jirani hadi akapasuka;
huyo haachi haidrojeni, huacha bonde la silikoni kwenye wekundu.
Na kuna jitu lililojichoma ndani kwa ndani,
tabaka baada ya tabaka, mpaka likafika kwenye chuma,
na chuma, hata kwa nyota, si kuni.

Mlango unafunguka. Darubini inanung'unika, inageuka.
Dakika arobaini tunaupitisha mwanga katika ufa mwembamba kama uzi,
kisha mchirizi unajitandaza kwenye kioo:
bluu. Bluu tupu, mteremko usio na kilima wala shimo.

"Imeharibika?" Ermete, theluji masharubuni.
"Ni changa mno. Bado haijasema."

Tunarudia. Mawingu yameshameza taa za bondeni.
Najumlisha mwanga wa kwanza na wa pili,
na pale penye haidrojeni unatokea mwinuko,
mpana, wa chini,
kama mtu aliyelala chini ya blanketi zito.
Sipumui. Naulinganisha na wafu mia tatu wa maktaba yetu,
nawaondoa mmoja mmoja.

Aina ya pili, naandika. Umri: siku tatu.

"Siku tatu?" Ermete anasomea begani kwangu.
"Si ulisema mwanga umesafiri miaka milioni tisini?"
Ndiyo.
Ilikufa, imekufa, inakufa:
fomu ina kisanduku cha aina, kisanduku cha umri,
haina kisanduku cha kitenzi.

Anakata jibini kwa kisu cha mfukoni.
"Mjomba wangu alihamia Ajentina. Simu ya msiba ilitangulia,
barua yake ikafika wiki tatu baadaye. Anaomba mbegu za kabichi."
"Mkafanyaje?"
"Mama alizituma."

Naongeza alama ya kuuliza. Naifuta. Nairudisha.

Saa kumi na dakika tano kuba linafungwa, theluji inaanza upya,
ufagio umesimama mlangoni ukidondosha maji.
Namwandikia Yonemura: yako ni ya pili, labda; changa sana.
Kwao ni mchana. Jibu linakuja kabla sijavua miwani:
anashukuru, ataiangalia tena usiku,
ila kuna bibi kwenye kaunta anasubiri dawa ya kikohozi.