Yasiyo Kwenye Kumbukumbu

Morven Kinnear aliingia ukumbini, Dundee, na miaka ishirini na mitatu,
koti la mvua la kuazima, kitambulisho bado kina joto la mashine.
Mimi karani ndimi niliyemwonyesha kiti, chenye mguu mfupi.
"Kitabadilishwa," nikasema. Uongo wa adabu;
ofisini kwetu huo ni nusu ya kazi.

Mwaka wa kwanza aliuliza wanayouliza watu:
kwa nini basi la Mtaa wa Garvie halifiki baada ya saa mbili usiku,
nani kaiba kifuniko cha mtaro mbele ya duka la Bi Petrie,
na hiyo "tathmini ya awali" itakoma lini kuwa ya awali.
Wakongwe wa baraza wakachekea puani.
Nikaandika: "Diwani Kinnear aliomba ufafanuzi."

Akapata taa tatu na benchi moja.
Msicheke. Benchi lile liko mlimani, linatazama mto Tay,
na ajuza mmoja hutua hapo mfuko wake wa viazi
akaitukana serikali kwa raha zake.

Mwaka wa tatu akajifunza kusema "kwa mazingira yaliyopo".
Nilisikia likimtoka, nikainua kalamu
kama mtu aliyesikia kikombe kikipasuka chumba cha pili.
Koti sasa lake. Kiti kipya, miguu minne sawa.
Barua za wapiga kura alizijibu kwa mkono hadi Krismasi,
kisha kwa fomu.

Simsemi. Mimi natoka Tanga, kwenye mkonge;
najua kamba haikatiki siku moja,
huachia uzi mmoja mmoja, na mzigo ungali juu.
Mji huu nao ulifuma juti. Wanajua.

Ikaja kura ya kufunga bwawa la kuogelea.
Hesabu zilikuwa za kweli, hapo ndipo ubaya:
paa linavuja, hazina tupu, shule haina boila.
Alijifunzia mle kuogelea, alinisimulia kwenye lifti,
babu yake kamshika tumbo, "piga miguu, piga miguu",
mpaka alipogeuka akamwona babu kule mbali, mikono yote miwili hewani.

Nikaita jina lake. Kimya.
Nilihesabu kwa saa ya ukutani: sekunde kumi na moja.
Mtu akakohoa.
"Ndiyo," akasema, kwa sauti ya mtu anayejibu mlangoni.

Kumbukumbu zina safu ya ndiyo, ya hapana, ya wasiopiga kura.
Nikatia alama moja, nikageuza ukurasa.

Sasa wanamtaja kwa uongozi wa baraza.
Jana wenzake walipotoka alibaki, akaniomba jalada la siku ile,
akapitisha kidole kwenye mstari wake.
"Umeandika sawa."
"Ndiyo, mheshimiwa."
Akavaa koti mbio, asikose basi la Mtaa wa Garvie,
ambalo siku hizi hufika hadi saa tano.
Hilo nalo nimeliandika. Ukurasa wa arobaini,
ambao hausomwi na mtu.