Kona ya Kikohozi

Jumamosi basi, shangazi Kemunto, kabla jua halijawa kali.
Nimeulizia: lango la juu lina ngazi kumi na saba,
la chini halina hata moja. Tutaingilia la chini.
Chai nitabeba mimi. Wewe beba fimbo
na ile miwani ya mbali, si ya kushonea.

Nairobi nzima huisifu bustani hiyo,
na jina la msanifu limechongwa kwenye jiwe langoni.
Wewe ulikuwa karani wa kunakili ramani zake,
kalamu ya wino, karatasi nyembamba kama utando wa maziwa,
ukakohoa,
njia iliyonyooka ikapinda.
Ukangoja kufutwa kazi.
Akainama, akaitazama, akasema: iache.

Miaka arobaini umepita ng'ambo ya barabara
na kikapu chako cha sukumawiki,
hukuvuka.
"Na nikikuta wameinyoosha?"

Hawajainyoosha. Nisikufiche, jana nilikwenda peke yangu,
nikaipima: hatua sita, kisha mwili wenyewe unageuka.
Pana benchi hapo. Vijana wawili
walikuwa wakigombania chaja ya simu.

Njoo Jumamosi, shangazi.
Ukohoe kidogo.