Kidole cha Mwisho

Moshi, Jumanne. Mlima umejifunika,
foleni imetoka ofisini ikafika duka la vyakula vya kuku.
Mama amevaa gauni la kanisani.
Amenawa mikono mara mbili kwa sabuni ya mche
kama anayekwenda kupakata mtoto wa watu.

"Weka kidole," anasema kijana wa mashine.
Anaweka.
"Bonyeza."
Anabonyeza.
"Haisomi, mama. Futa jasho."

Si jasho, ndugu yangu.
Miaka thelathini na moja amechambua kahawa,
nyeusi huku, iliyovunjika huku, nzima kule,
mpaka mistari ya vidole ikasafiri Ulaya ndani ya magunia.

Nyuma yetu Kiwelu, aliyeibiwa pikipiki Majengo
usiku wa mkesha, anataka waandikwe wote, hata kuku.
"Asiye na la kuficha anaogopa nini?"
Mama hakugeuka.
"Mlango wa choo naufunga, Kiwelu,
na mle ndani siibi kitu."
Foleni ikacheka. Kiwelu naye akacheka,
kisha akaikumbuka pikipiki yake.

Mimi sikujua nisimame upande gani.
Mwezi wa nne mgambo walinikamata saa nne usiku
nikiwa na mkate na dawa za mama.
Sina kadi. Nikakaa kwenye benchi lao hadi alfajiri.
Dawa walinirudishia.
Lakini mwizi wa Kiwelu naye alipita njia ileile,
na hakuna aliyemuuliza jina.

"Mama yako alizaliwa wapi?"
"Taveta."
Kalamu ikasimama.
"Taveta ni Kenya, mama."
"Bibi yangu alikwenda kuuza ndizi, uchungu ukamshikia sokoni.
Jioni akarudi na mtoto na kikapu kitupu.
Huo ndio u-Kenya wetu. Siku moja."

Balozi wetu wa nyumba kumi anaijua hadithi hii.
Anajua pia nani analala kwa nani,
na deni la mbege la kila mlevi.
Lakini balozi husahau. Balozi ana haya.
Balozi atakuja kushika koleo siku ya msiba.
Mashine itaikumbuka Taveta,
ndizi haitazikumbuka.

Wakajaribu vidole vyote.
Tisa vikakataa, kimoja baada ya kingine,
na kijana akaanza kuona aibu kwa niaba ya serikali.
Kikabaki kidogo cha kushoto,
kile alichokuwa akikikunja kila siku mezani
kisiingie njiani mwa wenzake.
Taa ya kijani.

Tukateremka kuelekea sokoni.
Njia nzima mama alikiangalia,
akakiinua juani kama anayekagua punje.
"Wewe mvivu," akakiambia,
"ndiye wa kunisemea?"