Hela Ishirini

Kwenye kibahasha Nderingo ameandika kwa wino:
"Tabora 1916. Imechakaa. Elfu nne."
Mwandiko umelala upande kama mtu aliyeshiba,
hauna haraka, hauna swali.

Duka lake ni meza moja, Arusha, chini kidogo ya Mnara wa Saa,
kati ya shanga na vinyago.
Sarafu kazimwaga kwenye beseni la kuogeshea mtoto:
rupia, senti zenye tundu, shilingi za simba,
zote zimekwisha kuhukumiwa kabla sijafika.

Mimi nimeamkia Moshi, saa kumi alfajiri.
Nilikuwa keshia. Miaka ishirini na sita, dirisha la tatu,
vidole vikiijua noti bandia kabla ya macho,
na bado meneja akiuliza,
"Mashine inasemaje, Mama Aikande?"

Nikavaa lenzi ya marehemu mume wangu, fundi saa,
ile aliyoibana jichoni hadi ikamwachia duara,
nikaigeuza sarafu polepole kulielekea jua.

Usitazame katikati kwanza. Katikati hudanganya.
Tazama kandokando ya herufi, kwenye vichochoro
ambako kidole cha muuza chumvi hakikufika.
Huko nikauona: mng'ao mwembamba kama uzi wa asali,
ukizunguka, ukikimbia kila nilipoinamisha mkono.

Kilichochakaa hakikimbizi mwanga hivyo.
Hii haikuchoka mikononi mwa watu. Ilizaliwa imefifia.
Vita, karakana ya reli, shaba ya kuokoteza,
mhuri umekwisha makali, na anayegonga ana njaa,
au ana homa, au amesikia mizinga imesogea.
Akagonga mara moja tu. Taji likatoka nusu.
Ni tofauti ya mwenye kigugumizi
na aliyekauka sauti kwa kuimba.

Halafu zile L mbili.
Nikazuia pumzi nisitie kioo ukungu.
Katika nilizowahi kushika, zenye taji dogo kama hili,
ncha hujikunja kama mkia wa mjusi.
Hizi zimechongoka. Miba.
Nina daftari la miaka kumi na moja,
sarafu mia mbili na kitu, nimezichora kwa mkono.
Miba na taji dogo pamoja, haimo.

Usinisifu.
Mwaka juzi, Kiboriloni, nililipa elfu themanini
kwa rupia inayong'aa kama sufuria ya harusi.
Ilisuguliwa kwa majivu na ndimu.
Nilisoma cheti chake, karatasi nzuri, sahihi mbili,
nikaona haya kuitazama yenyewe.
Sasa ni kabari ya dirisha la jiko.

"Umependa hiyo mbovu?" akauliza Nderingo.
"Si mbovu. Hebu tazama L."
Akaitazama kama mtu anavyotazama picha ya mtoto wa jirani.
"Mama, mimi nimeshaiandika."
Nikamwambia tena, nikamnyooshea lenzi.
Simu yake ikaita.
Mara ya tatu sikusema. Nikafungua pochi.
Sijui kama mbili zinatosha. Nimeziweka hapa, hesabu wewe.

Boma Ng'ombe basi likasimama, kijana wa karanga
akagonga kioo: "Mama, nipe hela, gari linaondoka!"
Nikacheka peke yangu, jirani akanitupia jicho.
Neno tunalitema kutwa nzima bila kulionja;
lenyewe lilikuwa ngumini mwangu, limepata joto.

Nyumbani nikakata karatasi mpya.
Kibahasha cha Nderingo sikukitupa, nimekiweka nyuma yake,
wazozane humo kwenye boksi.
Nikaandika: haikuchakaa. Iligongwa kwa unyonge.
Taji dogo, ncha za miba. Sijaona nyingine.

Nimeandika kwa penseli.
Kesho, jua likipanda vizuri juu ya mibuni,
nitaitoa niitazame upya,
kana kwamba aliyeandika ni mtu mwingine.