Ondoa Kurasa Tupu

Baba alikuwa fundi wa tramu, Liepāja,
na hakutupa karatasi hata moja.
Risiti za makaa. Cheti cha chanjo ya mbwa
aliyekufa kabla sijazaliwa.
Barua ya bima, na jibu lake, na jibu la jibu.
Maboksi saba ya viatu, na kopo la biskuti
lililofungwa kwa waya wa shaba.

Nimewasha skana. Nje, theluji ya Novemba
haijaamua kama ni mvua.

Programu ni pole, ina subira ya karani mpya:
hunyoosha kilichopinda,
hufuta kivuli cha kikunjo,
husoma mwandiko wa baba na kukosea kwa adabu.
*Grisi, kilo mbili*, aliandika.
*Krismasi, kilo mbili*, imesoma.
Nimeacha hivyo hivyo. Krismasi, kilo mbili,
Machi, themanini na saba.

Nimeingiza kurasa mia nne na kumi na mbili.
Zimetoka mia nne na kumi na moja.

Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa,
lakini daftari lenyewe je?
Nikahesabu upya, kidole kimelowa mate.
Kisha nikakiona, chini kabisa ya mipangilio,
kisanduku chenye tiki ambayo sikuitia:
Ondoa kurasa tupu.

Nikaupata. Ulikuwa mweupe kweli.
Nusura niuchane.
Taa ya mezani ikaupiga ubavuni
na makovu yakainuka:
mkono mzito ulikuwa umeandika
juu ya karatasi ya juu yake,
ile iliyotumwa, au iliyochomwa.

*Velta* (ndiye mama)
*…ufunguo uko palepale…*
*…mtoto anauliza…*
Mengine ni mifereji tu, reli chini ya theluji.

Mama aliondoka nikiwa na miaka sita.
Hadi anakufa alisema
yule bwana hakumwandikia hata neno.

Nimeondoa tiki. Nimeskani tena.
Kwenye skrini: weupe.
Mashine humulika kutoka mbele tu.

*Jina la faili?* inauliza,
kistari kinapepesa, kinapepesa,
chai imeshapoa.
Huko chini tramu ya mwisho inakata kona
kwa kile kilio chake cha chuma.

Inataka Krismasi, nasema,
peke yangu, kwa sauti.
Kilo mbili.